Barua Tatu kwa Ofisi

Jumanne wameweka meza ndogo kando ya lifti,
kitambaa cheupe, mshumaa wa betri,
na picha ya Reino Pelkonen amevaa kofia ya reli,
kijana wa miaka hamsini.
Fremu naijua.
Mwezi wa pili alikaa humo Bi Alvina wa ghorofa ya tatu,
kabla yake yule mwalimu wa hesabu, jina limenitoka.
Fremu haihami. Sisi ndio tunaohamia.

Kwenye kahawa watu wanasema kwa sauti ya chini:
"Alikuwa mpole."
"Tisini na moja, jamani, si haba,"
kana kwamba umri ni risiti,
kana kwamba aliyeshiba haumii akipokonywa sahani.
Dolores anauliza nani atachukua kiti chake
cha dirishani, panapoonekana ziwa.
Hakuna anayejibu.
Kufikia chajio amekikalia yeye mwenyewe.

Nimenyamaza. Mimi ndiye wa barua tatu.

Ya kwanza niliandika kwa adabu:
Mheshimiwa Meneja, kuhusu runinga ya chumba 214.
Ya pili sikuanza na mheshimiwa.
Miaka minne tulilala kichwa kwa kichwa,
kati yetu ukuta mwembamba kama ganda la kitunguu,
nami nikazijua timu zake zote za hoki ya barafuni,
nikajua nani kafungwa kabla hajaguna,
nikajua kikohozi cha saa kumi alfajiri, birika, slipa,
na jina la marehemu mkewe, analoliita
kila anapotafuta miwani.
Ya tatu ilikuwa sentensi moja.
Wakamnunulia hedifoni.

Alinikuta chumba cha kufulia, akacheka:
"Sasa utalala, Lorna.
Na mimi nasikia hata refa anavyopumua."
Akanikatia nusu ya mkate wake wa iliki,
ule wa kusukwa kama nywele za msichana.
Nikaupokea. Ahsante yangu iliishia kooni,
mashine ilikuwa inazunguka, nikajidai sisikiki.

Kweli nililala.
Usiku kumi na saba nililala.

Wa kumi na nane theluji iliifunika Duluth hadi vizingitini,
na Tou, kijana wa zamu ya asubuhi,
akamkuta kitini, hedifoni masikioni,
mchezo umekwisha tangu jana,
runinga ikimsimulia hali ya hewa.

Daktari anasema ilikuwa ghafla,
hata ningesikia nisingewahi.
Hata ningesikia.
Maneno hayo nayageuza kama mto,
na upande wa pili nao una joto.

Majuto ni mjukuu, husemwa.
Wajukuu wangu hupiga simu Krismasi.
Huyu huja kila usiku saa kumi,
hupanda kitandani na miguu yake ya baridi.

Alhamisi meza haipo.
Binti yake amefika kutoka Thunder Bay,
amebeba maboksi sita, mawili yamerudi matupu.
"Ndiye Lorna? Baba alisema una usingizi mwepesi.
Alisema nikija nisikokote viti."
Nilitaka kumwambia.
Nilishika mlango mpaka boksi la mwisho likapita,
basi.

Usiku nimewasha runinga yangu,
nikatafuta hoki, mchezo nisioupenda wala kuuelewa,
watu wakubwa wakigombea kitu kidogo cheusi.
Nikaongeza sauti. Nikaongeza tena.
Nikaegemeza mgongo ukutani kwa Reino,
nikangoja.

Upande wa pili, chumba 210,
Bi Haugen anagonga kwa mkongojo,
mara mbili, kwa hasira.

Sipunguzi.
Agonge tena.